Gazeti la Bure



Miaka ya 1980 hapakuwa na muuza magazeti kwetu Manguredjipa. Aliyesafiri kwenda Butembo, mwendo wa kilomita zipatazo 100 za matope, aliagizwa chumvi, sabuni na chochote cha kusoma. Kule mjini, kando ya soko, wauzaji walitandika turubai chini, wakapanga magazeti yaliyokwisha kusomwa na kuyawekea mawe yasipeperushwe na upepo. Humo ulipata Jeunes pour Jeunes, gazeti la picha lililozaliwa Kinshasa mwaka 1968, na Kouakou, lililoanza mwaka 1966 na kuchapwa Ufaransa kwa ajili ya watoto wa Afrika. Kouakou liligawiwa bure mashuleni, lakini lilipofika juu ya turubai lilikuwa na bei.

Rafiki yangu wa darasa la tano aliagiza moja. Fedha aliipata kwa kubeba mchanga wa dhahabu mtoni likizo nzima. Darasa zima tulilisoma kwa zamu: wenye Kifaransa kidogo tulifuata picha, na aliyejua zaidi alitufasiria. Zamu yangu ilipofika, sikulirudisha. Alipokuja kulidai, nilikumbuka maneno ya mwalimu, nikamjibu, “Gazeti hili hutolewa bure. Kitu cha bure hakina deni.” Alinyamaza. Hakuniuliza tena, na baadaye jamaa yake ilihama.

Mwaka 2024 vita ilitufukuza kwetu. Katika mfuko wa vyeti vya ubatizo niliokimbia nao, gazeti lile lilikuwamo, kurasa zake zimegeuka manjano. Huku Butembo tulipokelewa na jamaa ambayo haitudai kodi wala chakula. Jioni moja nilimwona mama wa nyumba akipunguza ugali wa wanawe ili wetu utoshe. Ndipo jibu langu la utotoni liliponirudia. Ninachopewa bure kimelipiwa na mgongo wa mwingine.

Nimeanza kuulizia habari za rafiki yangu kwa watu wa kwetu waliotawanyika. Gazeti nimelifunga vizuri na kuandika jina lake juu. Watoto wa nyumba hii wameomba kulisoma. Nimewaruhusu, kwa zamu, kwa sharti moja tu: kila jioni lirudi.