Mpunga Uliopanda Mto

Nilishuka Chekereni mwaka 1987, mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika. Huko juu mlimani kihamba cha baba kilikuwa kimegawanywa hadi migomba ikabanana, nami kitinda mimba nikaambiwa nitazame tambarare. Tuliozoea kulima mahindi ya kubahatisha mvua tukakuta mabanio ya zege kwenye mito ya Rau na Njoro, mifereji iliyonyooka na majaruba yaliyosawazishwa kwa mashine, yote kwa mkopo wa Japani.

Wataalamu walituletea mbegu ya IR 54, mpunga mfupi wenye kuzaa sana, wakatufundisha kupandikiza kwa mstari. Kazi hiyo inavunja kiuno. Lakini hekta iliyokuwa ikitoa tani mbili kwa bahati sasa ilitoa sita! Malori ya wanunuzi yalitufuata hadi uani, na nyumba za bati zikaota.

Kasoro moja ilionekana baadaye. Mradi ulipangiwa hekta 1,100 hivi za mpunga, na maji yakapigiwa hesabu hiyo, kana kwamba walio juu ya banio hawana macho. Hawakuhitaji mhandisi wala mkopo. Waliomba mbegu kwa mashemeji zao wa kwetu, wakachimba mifereji ya udongo kama mifongo, ile mifereji ya jadi ya mlimani, nao wakalima. Miaka ya tisini ilipoingia, zamu yangu ya maji ilifika mfereji ukiwa na tope tu. Ofisi ya Maji Bonde la Pangani ilianzishwa 1991, vikaja vibali vya maji. Kibali hakikuwahi kulowesha jaruba langu.

Tulipanda wachache kwenda kuzungumza na mzee mmoja wa huko juu ya banio.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmefuata maji.”

“Ndiyo, baba. Mpunga unakauka.”

“Ninyi mlisomesha watoto kwa mpunga. Mimi wangu niwasomeshe kwa nini?”

Wenzangu walibisha. Mimi nilinyamaza, maana ada ya wanangu ilitoka jarubani. Juu mlimani wazee wa mfongo walipanga zamu wakiwa wanajuana kwa ukoo. Huku, wa juu na wa chini hawakuwahi kukalishwa kikao kimoja kabla zege halijamwagwa.

Msimu uliofuata nilipanda mahindi kwenye jaruba la mradi. Mpunga nikaulima kwa kukodi, kwa mzee yuleyule.