Tundu la Msumari

Wahenga waliusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Namna ya kuuziba hawakuieleza, na ukimya huo umewagharimu wapangaji wengi. Katika mtaa wa Fedha, Embakasi, jina lenyewe la mtaa huwa kejeli kwa anayehama akiacha kuta zenye matundu, kwani dipoziti aliyoitoa siku ya kuingia hurudishwa baada ya ukuta kukaguliwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, mjane, alikuwa akihama baada ya miaka kumi na mmoja. Dipoziti ndiyo aliyotarajia kulipia lori la kumpeleka mashambani. Ukutani palikuwa na tundu la saa, la kalenda, la picha ya harusi, na jeraha pana kama sahani pale marehemu mumewe alipojaribu kufunga rafu. Mawe ya Ndarugo, yaliyojengea sehemu kubwa ya Nairobi, hayana huruma kwa msumari: aghalabu hupinda, na plasta ndiyo ibanjukayo.

Bintiye, mwanafunzi wa Kiswahili, aliyaziba matundu madogo kwa dawa ya meno. Lile kubwa alilishindilia karatasi, akapaka saruji juu. Siku ya tatu kiraka kikaanguka chote, kama kigaga cha kidonda.

Fundi aliyeitwa alianza kwa kubomoa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, na kila palipotoa mlio wa uwazi akapachimba kwa patasi.

"Fundi, mbona wanizidishia hasara?"

"Mama, hii plasta imeshaachana na jiwe. Nikipaka juu yake, zitaanguka zote mbili."

Akafagia vumbi, kisha akalirushia jiwe maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Saruji haigandi kwa kukauka tu. Huganda kwa kuungana na maji. Jiwe kavu huyanywa maji hayo, na kiraka hubaki unga. Alichanganya saruji kipimo kimoja na mchanga uliochungwa vipimo vinne, akapaka tabaka la kwanza, akalichora mistari kwa msumari ili la pili lishike. Kwa siku kadhaa binti akawa wa kukinyunyizia kiraka maji asubuhi na jioni. (Kuta za jipsamu ni habari nyingine: nyuma hamna jiwe, hivyo tundu kubwa hutangulizwa kibao cha kushikilia kiraka.)

Binti aliona jambo ambalo darasani lingempita. Kabla ya kupaka, fundi alisukuma vigae viwili vya mawe ndani ya shimo. Kitendo hicho kina jina la kale la Pwani, kutomea, walilolitumia waashi wa nyumba za matumbawe na chokaa. Fundi hakulijua neno, ila mkono wake uliijua kazi. Kamusi inalo neno, lakini haina mkono.

Ilibaki rangi. Krimu mpya haikufanana na ya miaka kumi na mmoja, na fundi akashauri ukuta upakwe kutoka kona hadi kona. Mjane alikubali, ingawa kopo moja la rangi lilipunguza nauli ya lori. Pale ilipotundikwa picha ya harusi ulikuwa umesalia mraba wa krimu isiyopauka. Fundi alipoukaribia na brashi, mama alimwomba aanze upande wa dirishani.