Nimeshiba

Nikimwambia mtu niko kwa daiti ya kujitayarisha kwa operesheni ya kupunguza uzito, swali huwa ni moja: "Sasa kama unaweza kudaiti, operesheni ni ya nini?" Nimeulizwa na mwenzangu kazini hapa Embu, nikaulizwa na jamaa wa boda, nikaulizwa na mama mmoja wa kanisa aliyenishika mkono kwanza kama anayenipa pole. Swali si baya. Wacha nilijibu polepole.

Kwanza, hii daiti ni ya ini. Ini limelalia sehemu ya mfuko wa tumbo, na kwa watu wa saizi yangu mara nyingi huwa limenona, kubwa na zito kwa mafuta. Siku hizi daktari wa upasuaji hapasui tumbo lote. Anapitisha kamera na vyuma vyembamba kwenye matundu madogo, halafu inabidi aliinue ini ndiyo afikie anachokata. Ini likiwa kubwa linamziba, na likiguswa vibaya linavuja damu. Ndiyo maana nimepewa wiki mbili. Ukipunguza wanga na sukari, mwili unageukia akiba uliyoweka kwenye ini. Akiba hiyo imeshikana na maji, kwa hivyo ikitumika maji nayo yanatoka, mafuta yanaanza kupungua, na ini linasinyaa.

Kiwango changu ni kama kalori 800 kwa siku. Chapati mbili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari zinamaliza zaidi ya nusu ya hizo. Kwa hivyo asubuhi ni mayai mawili ya kuchemsha na strungi bila sukari. Mchana ni kipande cha samaki au kuku bila ngozi, na sukuma, managu au terere. Jioni ni maziwa lala. Maji lita mbili. Hakuna ugali, hakuna wali, hakuna nduma, hakuna mukimo. Siku ya tatu kichwa kiligonga kama kisiagi. Siku ya tano kikatulia, nikabaki na njaa ya kawaida, ile inayokaa karibu nawe kama mtu mliyezoeana.

Pili, operesheni yenyewe. Nimedaiti tangu kidato cha pili. Nimekunywa maji ya ndimu, nimekunywa majani machungu yaliyonipa safari za choo na hasara ya pesa. Mwaka wa 2021 nilipunguza kilo 17 kwa miezi minane, kwa kutembea na kupima chakula. Kufikia 2023 zilikuwa zimerudi zote, zikaja na wageni. Nilidhani ni mimi peke yangu mpaka nikasoma utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa 2011. Watu 50 waliwekwa kwa daiti kali ya wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado juu kuliko kabla hawajaanza. Mwili ulikuwa bado unadai ulichonyang'anywa.

Homoni moja kati ya hizo ni grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka wa 1999, na nyingi yake hutengenezwa sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Katika operesheni nitakayofanyiwa, daktari hutoa karibu asilimia 80 ya mfuko huo, na sehemu hiyo ya juu ikiwemo. Unachobaki nacho ni mrija mwembamba kama ndizi, na kelele za njaa zikiwa zimepungua. Hapo ndipo jibu lilipo. Naweza kudaiti wiki mbili. Kupigana na mwili wangu miaka arubaini ndiyo siwezi, na wengi hawawezi.

Nina kilo 118 na urefu wa mita 1.62. Ukipiga hesabu, BMI yangu ni karibu 45. Masharti ya zamani ya Marekani, ya mwaka wa 1991, yalitaka 40, au 35 ukiwa na ugonjwa unaotokana na uzito. Mwaka wa 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha mpaka 35, uwe mgonjwa au la. Mimi nimepita kote kote. Sukari yangu imeanza kupanda, na nikilala kupumua kunakatika. Baba yangu alikatwa mguu mwaka wa 2016 kwa sababu ya sukari. Alikuwa mtu wa kupanda migomba kwenye mteremko. Sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kuelekeza wengine kwa fimbo. Mimi nina miaka 31. Nimeangalia kile kiti sana.

Hayo ni ya daktari. Sasa ya nyumbani.

Nyumbani kwetu ni upande wa Nkubu, Meru, mahali ambapo ukipanda chochote kinaota. Huko hakuna mtu anayekuuliza kama una njaa. Unawekewa tu. Ukifika saa nne kuna chai na nduma, saa saba kuna mukimo, na ukiaga unafungiwa mkungu mdogo wa ndizi uubebe kwenye matatu. Msichana mnene ni msichana anayetunzwa. Na sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tulikua tukisikia watu wazima wakinong'ona juu ya mtu aliyekonda ghafla, kwa sababu miaka hiyo kukonda kulikuwa na maana moja. Uganda ukimwi wenyewe waliuita slim. Kwa hivyo nilipomwambia Mama nataka kukonda, tena kwa kisu, alinyamaza. Akaenda kukama ng'ombe kabla ya wakati wake.

Binamu yangu wa Maua, mfanyabiashara wa miraa, alikuwa na suluhisho tayari. "Tafuna tu. Hutasikia njaa mpaka kesho." Hajakosea. Meru tuna miraa, Mbeere kule Embu kuna muguka, na anayetafuna husahau sahani. Lakini dawa iliyo kwenye miraa inapandisha presha na mapigo ya moyo, na hayo ndiyo mambo usiyotaka kubeba mwilini ukienda kuwekwa dawa ya usingizi. Nilimkatalia. Akacheka, akasema basi nitateseka bure.

Siku ya nane ya daiti ikaangukia ruracio ya binti ya mjomba, karibu na Ishiara. Huko ndiko Mama alizaliwa, Mbeere ya chini, mahali pakavu, mbali na kijani cha Nkubu alikoolewa. Nilibeba mayai yangu kwenye mkebe. Mbuzi walichinjwa, njahi zilikuwa sufuria mbili kubwa, chapati zimepangwa kama vitabu. Shangazi mmoja akaniletea maini ya kuchoma kwenye sahani, ya kwanza kutoka motoni, heshima ambayo si kila mtu anapewa.

"Asante, Tata. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na sijaona ukila?"

"Nimekula nilichobeba."

"Kwani chakula chetu kina nini?"

Watu wa meza ile wakanyamaza. Nikamtazama Mama. Hakunitetea, hakunisema. Aliichukua ile sahani polepole, akaiweka mbele yake, akaanza kula maini yangu.

Jioni kwenye matatu, tukitoka Chuka kuelekea nyumbani, nilimsubiri aseme. Pale wachuuzi walipogonga vioo na ndizi na njugu, alikataa kwa mkono bila kuniuliza. Tukafika daraja la Nithi, gari lote likakimya kama kawaida pale, kwa sababu ya wote waliofia kwenye ile kona. Tulipopita ndiyo akaanza.

"Mwari, unajua 1984 nilikuwa na miaka kumi na minne."

Najua habari za 1984, kila Mkenya anazijua: mvua ilikosa, nchi ikala mahindi ya manjano kutoka Marekani. Lakini Mama hakuwa ameniambia yake.

"Yale mahindi yalikuwa yakifika kidogo. Mama yangu anapika ugali, anatugawia sisi sita. Tukimuuliza yake iko wapi, anasema, mimi nimeshiba. Amejifunga leso hapa," akagusa chini ya mbavu, "ameikaza. Kila siku ameshiba. Mimi mpaka leo mtu akikataa chakula akisema ameshiba, naisikia ile sauti."

Sikuwa na la kusema. Kwa siku nane nilikuwa nimelisema neno hilo kila mahali nilipokaribishwa, kwa adabu tu, na tumbo langu likinguruma. Yeye alikuwa akinisikiliza, na anachosikia ni nyanya yangu akijifunga leso. Miaka yote aliyonijazia sahani alikuwa akiweka akiba, kama anayejaza ghala akijua mvua hudanganya. Halafu mimi nakuja kumwambia daktari anataka ghala lipungue.

Nilimweleza juu ya ini. Nilimweleza juu ya ile sehemu ya tumbo inayoita njaa. Nilimwambia, "Mama, ukweli ni kwamba sijashiba. Tangu zamani sishibi. Nakula na bado kuna kitu kinaita. Daktari anasema baada ya operesheni nitakula vijiko vichache, nishibe kweli."

Aliwaza mpaka Nkubu ikatokea. "Ushibe bila kudanganya."

"Bila kudanganya."

Leo ni siku ya kumi na mbili. Alhamisi nitakuwa Nairobi, kwa sababu huku kwetu mtu wa operesheni hii hutumwa huko. Inaweza kwenda vibaya kama operesheni yoyote, nimesoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Mama hajasema anakubali. Ila jana alipiga simu kuuliza nikitoka nitakula nini. Nikamwambia siku za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, halafu maziwa na uji mwepesi, kidogo kidogo.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kikombe kidogo. Nakunywa nusu saa nzima."

Nikasikia akifungua kabati, vyombo vikigongana. Alikuwa akitafuta kikombe.