Kalenda ya Nyanya

Nyanya yangu, aliyezaliwa na kuzikwa Mombasa, hakupata kunitajia mwaka hata mmoja wa maisha yake. Alisema: “Wakati ule mamako yu mgongoni,” au “kabla ya lelemama letu la mwisho.” Nilipomjia na kinasa sauti, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilimsahihisha. Aliposimulia kwamba mamake alizaliwa mtumwa akaja kuachwa huru, nilidakia: “Hiyo ni 1907, nyanya, sheria ilipofuta utumwa huku pwani.” Alinitazama kwa muda. “Sheria ilikuja, mjukuu wangu. Lakini hadi anakufa, kila arusi ya watu wale, mama alikuwa jikoni.” Kisha akanyamaza, kanda ikizunguka.

Baadaye niliyasoma masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, akiwamo Bi Kaje wa Mwenye Matano, yaliyochapishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel mwaka 1989. Hapo ndipo kosa langu liliponidhihirikia. Arusi na ngoma si pambo la historia. Ni mahali inapopimwa.

Sidai kwamba mhakiki atupilie mbali vipindi alivyovizoea: ukoloni, uhuru wa 1963 na baada yake. Hata hivyo, tarehe hutueleza sheria ilipitishwa lini. Jiko la arusi hutueleza ilichelewa kiasi gani kufika. Kanda ile ningali nayo. Palipo na sauti yangu pamejaa elimu. Penye kimya chake ndipo ninaposoma.