Furaha Haina Stori?

Wiki hii nina swali la kizushi: kwa nini hadithi zinazotushika roho karibu zote ni za watu wenye shida?

Rosa Mistika ya marehemu Euphrase Kezilahabi niliisoma nikiwa kidato cha tatu. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971, na kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kabla ya kuruhusiwa. Nakala yetu ilikuwa haina hata jalada. Aliniachia dada yangu chini ya mto, siku alipoondoka nyumbani.

Niliimaliza usiku mmoja. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali, na anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwishoni Rosa anajiua. Nililia kinoma! Si kwa ajili ya Rosa peke yake. Kwetu nako kulikuwa na barua. Dada alichapwa mkanda mpaka majirani wakaja kugonga mlango, na wiki iliyofuata akaondoka na begi moja. Miaka minne jina lake halikutajwa tukiwa mezani. Mimi nilishaamini kuwa naye ndiyo basi tena, kwani kitabu si kimesema?

Siku moja nikapata habari kuwa yuko Mbagala. Nikapanda daladala na machozi yangu nimeshayaandaa. Lo! Nikamkuta anakaanga vitumbua, mtoto mgongoni, anabishana na mteja juu ya chenji huku anacheka. Niseme ukweli, nilikasirika kidogo, kama mtu aliyeibiwa mwisho wa hadithi yake.

Nikamuuliza, "Dada, una raha kweli?"

Akanijibu, "Sijapata nafasi ya kufikiria. Nishikie mtoto, mafuta yanaungua."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza. Mwandishi ana ruhusa ya kufunga kitabu pale machozi yanapojaa. Maisha hayana ruhusa hiyo, asubuhi jiko lazima liwashwe. Shaaban Robert naye alituandikia Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima na akaridhika. Lakini pale kijiweni kwetu sijawahi kusikia mtu akimsimulia Utubora. Rosa wanamjua wote. Kuridhika hakuna kasheshe, kwa hiyo hakusimuliki, na kisichosimuliwa tunadhani hakipo. Dada yangu alikuwa na siku nzuri ngapi katika miaka ile minne ambayo mimi nilikuwa namlilia? Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Jioni ile nilirudi nyumbani na vitumbua sita kwenye gazeti. Baba akala viwili, akauliza nani kavipika. Nikamtajia jina. Akanyamaza kitambo, halafu akachukua cha tatu.

Sisemi yamekwisha. Mkanda ule dada hajausahau, na baba hajaomba radhi. Ila nakuuliza wewe unayesoma hapa: kuna ndugu au rafiki yako ambaye umeshamwandikia mwisho mbaya na yeye bado yuko katikati ya kitabu? Basi kamtafute, japo ukale kitumbua.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.