Baruti moja, bastola tatu

Katika Kiswahili baruti ni baruti. Ile ya gobori la babu, ile inayopasua miamba mgodini, ile iliyomo ndani ya risasi ya bastola, zote tunaziita jina hilo moja, na mpaka mwaka jana sikuona ubaya wake. Neno lilitufikia Maniema likiwa limekwisha safiri sana. Waarabu walisema barud, kwanza wakimaanisha shura, yaani ile chumvi inayochanganywa na makaa na kiberiti. Waturuki walisema barut. Na misafara iliyotoka Unguja ikalileta neno hilo Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, pamoja na bunduki zenyewe na pamoja na Kiswahili chenyewe. Hata jina la Tippu Tip, husemwa, ni mwigo wa mlio wa bunduki zake. Lugha ninayoisomea na baruti ziliingia kwetu kwa njia moja, huenda kichwani kwa mpagazi yuleyule.

Yaya yangu anaishi Kentucky. Alifika kule kutoka kambi ya wakimbizi, anafanya kazi ya usiku ghalani, na mwenzake wa kazi, mzee mmoja mwenye subira, alimfundisha kulenga shabaha. Leo ana bastola tatu: moja ya milimita 9, moja ya .45, na moja ya .38 Special, ile yenye kigurudumu cha kuzunguka. Risasi za dukani ni ghali, kwa hiyo anafanya kama wengi wa kule wanavyofanya: anaokota maganda matupu, anayarudisha umbo lake, anaondoa fataki iliyokwisha lipuka na kuweka mpya, anatia baruti, anabana kichwa cha risasi. Kwa matumizi yake mwenyewe sheria ya kule haimkatazi. Ila kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza kigumu, na Kiingereza chake ni cha ghalani. Akaniandikia: "Mudogo wangu, weye njo unasomaka maluga. Unitafsiriye." Na swali lake la kwanza lilikuwa: baruti gani moja itafaa zote tatu, asilazimike kununua makopo matatu?

Nilisoma kitabu chake kwa majuma mawili, picha baada ya picha kwenye simu. Kumbe baruti ya leo si ya babu hata kidogo. Ya babu ni nyeusi, inatoa moshi mzito, na inataka ishindiliwe. Ukiacha nafasi ya hewa kati yake na risasi, mtutu unaweza kupasuka. Isiyo na moshi ilitengenezwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na ina nguvu mara kadhaa kuliko ile nyeusi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwamo, ulizuia bunduki za kisasa na kuwaachia watu gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya neno letu kubaki pale lilipo: kwa miaka mingi baruti mpya haikuwa mikononi mwa watu wa kawaida, basi nani angeitafutia jina?

Swali la yaya lina jibu, lakini linapitia kwenye mwendo wa kuungua. Ziko baruti zinazoungua upesi sana, kama Bullseye: kiasi kidogo mno kinatosha, na makosa madogo yanakuwa makubwa. Ziko zinazokwenda polepole, kama H110, ambazo ni za risasi zenye shinikizo kubwa kama .357 Magnum, na watengenezaji wanaonya zisipunguzwe ovyo. Anayetaka kopo moja kwa bastola tatu anatafuta katikati, upande wa upesi kidogo. Pale ndipo ilipo Unique, iliyoanza kuuzwa mwaka 1900 na bado inauzwa, ingawa kampuni zilizoimiliki zimebadilika. Pale pia ipo HP-38. Hiyo ya pili inauzwa vilevile kwa jina la W231. Ni baruti ileile ndani ya makopo mawili, kisa kizuri cha visawe kamili kwa wale wanaotufundisha kwamba visawe kamili havipo.

Baruti moja haina maana ya kipimo kimoja. Ganda la .38 Special lina urefu wa karibu milimita 29, la milimita 9 lina 19 tu. Ungedhani refu ndilo lenye nguvu. La! Shinikizo la juu linaloruhusiwa katika .38 Special ni karibu nusu ya lile la milimita 9. Ganda ni refu kwa sababu lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, zama ambazo baruti nyeusi ilikuwa bado ikitumika, nayo ilihitaji nafasi. Hata namba 38 inadanganya: kipenyo cha risasi yake ni inchi 0.357 au 0.358.

Hapo ndipo tafsiri ilipoanza kunitisha. Kamusi zangu zote zinanipa kujaza. Jaza ganda. Kwa gobori, sawa, jaza na ushindilie, ndivyo babu alivyofanya maisha yake yote na vidole vyake kumi alizikwa navyo. Lakini katika .38 Special kipimo sahihi cha hizi baruti za katikati ni kama theluthi moja ya ganda, au pungufu. Zaidi ya nusu hubaki tupu na lazima ibaki tupu. Mtu akifuata kitenzi changu akajaza kweli, anashika bomu mkononi. Na hata vipimo viwili kwa bahati mbaya vinaingia humo, risasi inakaa juu yake, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Nikafuta kujaza kila mahali nikaandika kupima na kutia, na kushindilia nikakupiga marufuku. Baada ya kila ganda, niliongeza kwa mkono wangu, chungulia ndani kwa taa kabla ya kufunga.

Kisha kipimo chenyewe. Waingereza wanapima kwa grain, neno ambalo pia ni punje. Nikiandika punje tano, yaya wangu, mtoto wa mkulima, atahesabu punje tano. Kifupisho chake ni gr, na kwetu sokoni, kwa mazoea ya Kifaransa, gr ni gramu: sukari gr 500, kila mtu anaelewa. Gramu moja ni zaidi ya grain 15. Basi nikaliacha neno la kigeni livae nguo zetu, greni, liandikwe kwa ukamilifu, lisifupishwe kamwe. Baadhi ya wenzangu darasani wanaona maneno ya mkopo ni uvivu. Mimi hapa sina subira na usafi wa lugha.

Risasi nayo. Kwetu risasi, au masasi kwa wingi, ni kitu kizima kinachoingia bastolani. Kitabuni ni kile kipande cha mbele tu, na kwa asili neno ni madini yenyewe. Niliandika kichwa cha risasi, na sijaridhika.

Vipimo sikuvitafsiri. Nilimwambia yaya tarakimu azisome kwenye kitabu chenyewe, kwenye ukurasa wenye jina la kopo lake na uzito wa kichwa chake, na aanze chini. Kwa uchaguzi, nilimpendekezea Unique. Vipande vyake ni bapa na haviteremki sawasawa kwenye chombo cha kupimia, kwa hiyo atalazimika kupitisha mizanini mara nyingi. Lakini inachukua nafasi kubwa zaidi ndani ya ganda, na kipimo kilichorudiwa kinaonekana kwa jicho. Mwanafunzi anahitaji baruti inayojionyesha kuliko inayoteremka vizuri. Dukani hawakuwa nayo. Akanunua HP-38, ambayo chembe zake zinatiririka kama mchanga mkavu, na mzee wa ghalani akakaa naye jioni mbili za kwanza.

Mama hajaipenda habari hii. Alisikia kila kitu kwenye simu, maganda, fataki, mizani, akanyamaza, kisha akamwuliza yaya jambo moja tu, kama ile ya kule inanuka kama ile tuliyoikimbia. Yaya alikawia kidogo. Akamwambia ndiyo, mama, inanuka vilevile. Kisha wakaongea habari za watoto.