Mashine ya Sebuleni

Mazabodi ya kwanza niliyoichagua mwenyewe niliichagua kwa kuhesabu nafasi. Ilikuwa mwaka 2004, Kariakoo, na mwenye duka alikuwa ameziegemeza ukutani kama sahani za kabatini. Nilitaka kompyuta ya kukaa chini ya TV, ifanye kazi za deki, redio na kisanduku cha kuhifadhia filamu, na kila kazi niliipangia kadi yake. Kadi ya picha ilikaa kwenye nafasi ya AGP. Kadi ya kupokea matangazo ya TV, yenye tundu la antena, ilitaka nafasi ya PCI. Kadi ya sauti nayo ilitaka yake. Nikachukua bodi kubwa yenye AGP moja na PCI tano, nikarudi nyumbani kama mtu aliyepata kiwanja.

Prosesa ilikuwa Pentium 4 ya kizazi cha Prescott, aina inayofika wati 89 peke yake. Joto lote hilo liliondolewa na feni, na chini yake kulikuwa na feni ya kadi ya picha, nyuma feni ya kasha, juu feni ya pawa saplai. Siku ya kwanza nilipoweka filamu, Baba alitazama kama dakika kumi kisha akaniita. "Mwanangu, picha ni safi. Lakini hilo dude linaniziba, sisikii wanachosema." Akainuka, akasogeza kiti chake karibu na spika.

Hata hivyo kuna kazi moja mashine ile iliifanya ambayo nitaishukuru maisha yangu yote. Ile kadi ya TV, pembeni ya tundu la antena, ilikuwa na tundu la njano la kuingizia picha kutoka kwenye deki. Mkanda wa harusi ya dada, wa mwaka 1994, ulikuwa umeanza kupiga mistari. Nikaunganisha deki, picha ikapita tundu la njano, sauti ikapita kadi ya sauti, na nikaketi nayo saa tatu nzima, maana mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu kuuhamisha. Hakuna njia ya mkato. Ndani yake Baba anasimama kumuusia bwana harusi.

Mwaka 2007 ikaanza kujizima. Nililaumu ramu, nikalaumu umeme wa mtaa. Fundi aliifungua, akamulika tochi pembeni ya prosesa, penye vile vikopo vidogo vya kapasita. "Bosi, angalia vichwa vyake." Kapasita nzima kichwa chake ni bapa, kina mikato ya kuachia gesi. Nne kati ya zangu zilikuwa zimevimba kama mahindi yanayotaka kupasuka, na moja ilitoa utomvu wa kahawia uliokauka. Kumbe miaka ile bodi nyingi duniani zilitoka na kapasita zenye maji mabaya ndani. Zikipata joto, gesi hujaa na umeme wa prosesa huanza kuyumba. Fundi akatoa zote, akachomelea nyingine za kipimo kilekile, zenye kuvumilia nyuzi 105. Tangu siku hiyo sijawahi kushika bodi bila kuangalia vichwa vya kapasita kwanza.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2008, na yalikuja kwa mlango wa nyuma, yaani pale waya zinapochomekwa. Binamu yangu aliyekuwa Dubai aliniletea bodi yenye chipu ya AMD 780G. Nilipoitoa kwenye boksi sikuhesabu tena nafasi za kadi. Niliona tundu la HDMI. Waya mmoja, picha na sauti pamoja, wakati mimi nilizoea kuburuta nyaya nne nyuma ya kabati. Chipu yenyewe ilibeba uwezo wa picha na ilijua kusimbua filamu za H.264, zile ambazo Pentium 4 yangu ilizionyesha kwa kukwamakwama huku feni zikilia. Ya zamani nikaihamishia chumbani kwa Mama, pamoja na kadi yake ya TV, aendelee na taarifa ya habari. Baba aliiona bodi ile mpya kwa mwaka mmoja tu.

Ukimya aliokuwa akiutaka ulifika mwaka 2011. Hii ilikuwa bodi ya sentimita 17 kwa 17, kipimo cha Mini-ITX kilicholetwa na kampuni ya VIA ya Taiwani mwaka 2001. Prosesa yake, AMD E-350, ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi na ilihitaji wati 18 tu. Juu yake hakukuwa na feni, ni bamba la alumini lenye mapezi. Niliwasha, nikadhani imekufa, hadi taa ya TV ilipobadilika. Nikaweka XBMC, programu inayoitwa Kodi tangu 2014, na Mama akaomba mkanda wa harusi. Baba aliposimama na kipaza sauti, kabla hajasema bismillahi, alikohoa mara mbili, taratibu, akisafisha koo. Nilikuwa nimeutazama mkanda ule mara nyingi sana. Kikohozi kile sikuwahi kukisikia. Mama akasema, "Rudisha." Nikarudisha.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam. Kwenye kompyuta ya Mama zikabaki chenga tupu. Tukamnunulia king'amuzi, na mimi, kwa haraka ya kusafisha nyumba, nikagawa mashine nzima pamoja na ile kadi yenye tundu la njano. Ni jambo ninalolijutia.

TV ya 4K ilipoingia ndani, nilijifunza kwamba tundu la HDMI linaweza kufanana na jingine kwa sura na lisifanane kwa uwezo. Bodi niliyonunua ilikuwa na HDMI 1.4, ambayo kwa 4K huishia picha 30 kwa sekunde. Filamu zilikwenda vizuri, kwa sababu nyingi hupigwa kwa picha 24, lakini mpira ulitembea kwa kurukaruka. Kwa bahati bodi ilikuwa na tundu la DisplayPort 1.2 linalofikisha 60, nikapata adapta ya kugeuza. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namwambia asome namba iliyo mbele ya HDMI kwenye karatasi ya bodi kabla ya kutoa pesa, kisha ahesabu matundu ya SATA kama ana diski nyingi za kumbukumbu kama mimi.

Mwaka huu jirani ameniletea mikanda sita ya VHS, ya harusi na maulidi, na akasema ana mingine. Nilijaribu kidude cha USB; baada ya nusu saa sauti ilikuwa inaachana na picha, watu wanapiga vigelegele midomo imefungwa. Kadi ya zamani nimeipata kwa mtu anayeuza vyuma chakavu, tundu la njano liko safi. Ilibaki mahali pa kuichomeka, na bodi nyingi za sasa hazina PCI.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kwa fundi yuleyule, sasa ana mvi. Akatoa boksi chini ya meza, akapuliza vumbi, akanipa bodi. Nikaielekeza dirishani, nikatazama vichwa vya kapasita kimoja kimoja. Vyote vimelala bapa. Kisha nikaanza kuhesabu nafasi.